Mwongozo Kamili wa Kutunga Wimbo wa Taratibu wa Penzi Lililoingia Dosari

Nyimbo za mapenzi ambazo vijana wa hapa Tanga huniletea nizisikilize, wengine kwa simu na wengine wakiwa wamebeba gitaa hadi mlangoni, hukwama mahali pamoja. Sauti ni nzuri na biti ni safi, lakini wimbo ukiisha nikauliza, "Huyu aliyeimbwa alifanya nini?", hapatikani ajuaye, hata mtunzi mwenyewe. Moyo unauma, machozi yanatiririka, usingizi haupatikani, na msikilizaji anabaki pembeni kama mgeni aliyefika kwenye msiba wa watu asiowajua.

Kosa la pili huandamana na la kwanza: maneno hulazimishwa ndani ya tyuni, yaani sauti ya wimbo inavyopanda na kushuka, hadi Kiswahili chenyewe kinapoteza sura. Nimefikia kuamini kwamba makosa haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kwamba mtunzi anawaimbia watu wote na hasemi na mtu yeyote. Wimbo wa namna hii ni maneno ya mtu mmoja kwa mtu mmoja aliye mbele yake, na kila hatua iliyo hapa chini imewekwa ili kulilinda jambo hilo.

Nitatunga wimbo mmoja wa mfano tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ili kila kanuni uione ikifanya kazi. Anayeimba ni mke anayekaa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, na kisa chake ni cha kubuni.

## Vinavyohitajika

- Daftari na kalamu. Usiandike moja kwa moja kwenye simu, kwa sababu simu hufuta ulichokikata, ilhali mstari uliokatwa jana mara nyingi ndio unaotakiwa kesho.
- Simu yenye kinasa sauti na programu ya metronomu, inayogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika. Kama programu hiyo huna, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde inatosha.
- Gitaa au kinanda, au mtu wa kukupigia. Asiye na chombo atatunga kwa kupiga meza hadi Hatua ya 5 bila hasara yoyote.
- Msikilizaji mmoja asiyekijua kisa chako, utakayemwita mwishoni tu.
- Jioni sita au saba. Wimbo wa taratibu hauvumilii haraka, na kazi ya Hatua ya 4 pekee inaweza kula jioni mbili.

## Hatua ya 1: Chagua tukio moja, usichague penzi zima

"Mume wangu amebadilika" ni mada, na mada haiimbiki. Unalohitaji ni tukio ambalo mtu aliyesimama dirishani angeliona kwa macho yake, kwa kuwa msikilizaji hawezi kuyaona mabadiliko ya moyo, lakini anaweza kuiona sahani.

Tukio la wimbo wetu ni hili. Kila usiku mke anapika wali, anapakua sahani mbili, anazifunika kwa kawa la ukili, kisha anangoja. Mume anaingia, anavua viatu, mke anamletea birika na beseni anawe mikono, na mume, akiwa bado amesimama, anasema neno moja: "Nimeshiba."

Katika tukio hilo hakuna ugomvi, hakuna talaka, na hakuna aliyelia. Hata hivyo mtu yeyote aliyelelewa pwani anajua kwamba mwanamume anayerudi nyumbani ameshiba, usiku baada ya usiku, ameleta neno zito kuliko matusi.

Ukiwa na matukio matano, yaandike yote, kisha uchague lile ambalo halijaamuliwa bado. Penzi lililokwisha kufa lina utulivu wake, na lenye raha halina cha kuuliza. Lenye dosari ni lile ambalo watu wawili bado wanalala chini ya paa moja na jambo halijasemwa, na nguvu ya wimbo wa taratibu inatoka kwenye jambo hilo lisilosemwa.

Tahadhari. Usimwimbe mtu halisi kiasi cha kumtambulisha. Miaka mingi iliyopita nilitunga wimbo kuhusu nyumba ya watu ninaowafahamu, nikabadilisha majina nikadhani nimewasitiri, lakini niliiacha rangi ya mlango wao kama ilivyokuwa. Mji wetu si mkubwa. Mwenye mlango alisikia, na salamu zetu hazijarudi kama zamani mpaka leo. Tangu siku hiyo hubadilisha mambo matatu katika kila kisa: mahali, chombo kinachoonekana, na kazi ya mhusika.

Utajua umefaulu ukiweza kulisimulia tukio lako kwa sentensi moja isiyo na maneno "moyo", "machozi", "uchungu" wala "maumivu".

## Hatua ya 2: Amua anayesema anamwitaje mwenzake

Jina la kumwita mtu hubeba nusu ya habari za uhusiano. Mke wetu akisema "mpenzi", tunawaza wachumba wa juzi. Akisema "mume wangu", ni kama anazungumza mbele ya wazee waliokuja kusuluhisha. Akisema "bwana", amekwisha kujitenga. Nimechagua "mwenzangu", kwa kuwa neno hilo lina ukaribu na lawama kwa pamoja, na ndilo ambalo mwanamke wa huku angelitumia akiwa amechoka lakini hajakata tamaa.

Vilevile amua namna atakavyonyambua vitenzi. Mke huyu hasemi "unanijibu", anasema "wanijibu", kama watu wa pwani wanavyosema majumbani. Faida yake ni mbili: neno linapungua kwa silabi moja, na mwimbaji anasikika yuko jikoni kwake badala ya kuwa jukwaani. Hatari yake ni kwamba "wanijibu" linaweza kusikika kama habari za watu wengi, ndiyo maana neno "mwenzangu" lazima lije mara moja katika mstari unaofuata.

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke. Anayeiruka hubadilisha jina la kumwita mwenzake katika kila ubeti, na wimbo unakuwa kama barua iliyoandikwa na watu watatu.

## Hatua ya 3: Tafuta neno la kiitikio katika kinywa cha mtu

Watunzi wengi wanaoanza hutafuta neno zuri la kuweka kwenye kiitikio. Tafuta neno la kawaida lenye pande mbili, ambalo mtu angelisema bila kufikiri. Kwetu ni "nimeshiba". Upande mmoja ni wali, na upande wa pili ni mapenzi, na pande hizo mbili hazihitaji kuelezwa kwa msikilizaji wa Kiswahili, aliyezoea kuyasikia mapishi katika habari za mahaba tangu utotoni.

Hapa ndipo fumbo linapotengana na mipasho. Fumbo humwachia msikilizaji nafasi ya kulifumbua na humwachia mhusika heshima yake, wakati mipasho hutaka mtu fulani aumie leo hii. Mipasho ina ngoma zake na wapenzi wake, lakini ukiitia kwenye wimbo wa taratibu, mapigo ni ya polepole mno kuibeba, na anayeimba anageuka kuwa mtesi badala ya mwenye kuteswa.

Kiitikio chetu ni hiki:

*Wanijibu, "Nimeshiba,"*
*Mwenzangu, walishwa wapi?*
*Au changu ndicho haba?*
*Kosa niambie lipi?*

Angalia kwamba hakuna mstari unaosema "una mwanamke mwingine". Neno "walishwa" limeifanya kazi hiyo, kwa sababu mtu mzima halishwi ila na anayemdekeza.

Utajua umefaulu ukilisema neno lako la kiitikio kwa sauti ya kawaida, mbele ya mtu anayekatakata vitunguu, naye asijue kwamba umetamka maneno ya wimbo.

## Hatua ya 4: Pima mizani kabla ya kutafuta tyuni

Kiitikio hicho kina mizani 8, yaani silabi 8, katika kila mstari, na vina vyake vinapishana, "ba" na "pi". Nimechagua 8 kwa sababu ndicho kipande ambacho sikio la Mswahili limekizoea katika mashairi, na pia kwa sababu kinaacha nafasi ya kupumua, kama utakavyoona katika Hatua ya 5.

Hesabu silabi kwa vidole, ukitamka. Wanaokosea hesabu hukosea mahali pachache tu. Herufi "m" iliyo mbele ya konsonanti kama "l" au "t" ni silabi kamili: m-la-ngo ni tatu, m-tu ni mbili. Lakini katika "mbili" au "mbele" herufi hiyo imeshikamana na "b", kwa hiyo mbi-li ni silabi mbili tu. Irabu mbili zinazofuatana huhesabiwa kila moja: ta-a, ni-a-mbi-e.

Ubeti wa kwanza ni wa kuingiza watu ndani ya nyumba. Usieleze hisia yoyote, weka vyombo mahali pake:

*Wali u chini ya kawa,*
*Taa nimeipunguza,*
*Sahani mbili zi sawa,*
*Mlango nausikiza.*

Mstari wa nne ulinigharimu jioni nzima. Kwanza niliandika "Machozi nayafukuza", ambao una mizani 8 na kina kinachofaa, na nikauacha kwa siku moja nikiupenda. Kesho yake niliona kwamba nimemfanya mke alie kabla mume hajafika, hivyo mume atakapoingia hatakuwa na kitu cha kuvunja. Mtu anayeusikiza mlango amekwisha kutuambia kwamba bado anatumaini, na hilo ndilo linalohitajika ubeti wa kwanza ukiisha.

Kisha yanakuja maneno machache ya kupandisha kuelekea kwenye kiitikio, ambayo nitayaita kipandisho:

*Viatu unavivua,*
*Maji nakumiminia.*

Na baada yake tu, "Wanijibu, Nimeshiba". Jibu linakuja wakati maji yanamiminika. Kama ungeliweka kabla ya maji, lingekuwa taarifa, lakini baada ya maji ni kofi.

Ubeti wa pili lazima usogee mbele. Kosa ninalolikuta karibu kila mahali ni ubeti wa pili unaorudia wa kwanza kwa maneno mapya. Uliza: msikilizaji atajua nini sasa ambacho hakukijua dakika moja iliyopita? Katika wimbo wetu atajua hivi:

*Shati lanukia udi*
*Ambao siufukizi,*
*Nalifua kwa juhudi,*
*Siulizi, siulizi.*

Sasa kiitikio kinachorudi kina maana nyingine. Mara ya kwanza tulidhani mke anamuuliza mumewe, kumbe tangu mwanzo anauliza moyoni. Maneno ya kiitikio hayakubadilika hata herufi moja, lakini ubeti wa pili umeyageuza, na ukilipata jambo hilo katika wimbo wako, umepata zaidi ya tyuni yoyote.

Tahadhari. Usikubali kina kikuongoze. Ukiona mstari umekuja kwa sababu tu unaishia na "za", uandike pembeni ya daftari na ungoje hadi kesho.

## Hatua ya 5: Weka mkazo wa neno juu ya pigo

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa hiyo isome ukiwa na kitu cha kugonga mkononi.

Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: ni-me-SHI-ba, mwe-NZA-ngu. Tofauti ni chache, na zipo zinazobadilisha maana kabisa: bara-BA-ra ni njia ya kupitia magari, wakati ba-RA-bara ni sawasawa kabisa. Mwimbaji anayeweka noti ndefu na nzito kwenye silabi isiyo na mkazo anasikika kama mtu anayesoma lugha asiyoijua, na msikilizaji huacha kuamini hata kama hawezi kusema ni kwa nini.

Kishawishi kikubwa ni mwisho wa mstari. Kwa kuwa mstari unaisha, mwimbaji anataka kuvuta, naye anavuta silabi ya mwisho: "nimeshibaaa". Uzito wote unahamia kwenye "ba", na neno linakufa. Vuta "shi", kisha iache "ba" ishuke kwa upole, fupi, kama mtu anayeweka kikombe mezani.

Sasa mapigo. Wimbo wetu una mapigo 72 kwa dakika, na kila mapigo manne ni baa moja. Bila metronomu, gonga mara 6 katika kila sekunde 5 za saa ya ukutani. Nyimbo za taratibu kwa kawaida hukaa kati ya mapigo 60 na 80, nami kwa mistari ya mizani 8 sipendi kushuka chini ya 66, kwa kuwa maneno huanza kuachana na msikilizaji anasahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho wake.

Kila mstari upewe baa mbili. Imba mizani mbili kwa kila pigo, lakini usianze kwenye pigo la kwanza. Nyamaza pigo la kwanza, uanze kwenye la pili, hivi:

(1 kimya) – (2) wa-ni – (3) JI-bu – (4) ni-me – (1) SHI-ba – (2, 3, 4) pumzi

Tazama kilichotokea. Katika mpangilio wa mapigo manne, lenye nguvu kuliko yote ni la kwanza, na linalolifuata kwa nguvu ni la tatu. Silabi "ji", yenye mkazo, imeangukia pigo la tatu, na "shi" imeangukia pigo la kwanza la baa inayofuata, mahali penye uzito kuliko pote. Hukulazimisha chochote, kwa sababu mstari wa mizani 8 daima huwa na mkazo wake wa mwisho kwenye mizani ya 7, na ukianza kwenye pigo la pili mizani ya 7 itafika yenyewe kwenye pigo la kwanza. Kanuni hiyo itakufaa kwa kila mstari wa wimbo huu: KA-wa, NGU-za, WA-pi, LI-pi, zote zinatua hapo.

Mkazo wa katikati ya mstari huvumilika ukikosa pigo. Katika "Wali u chini ya kawa", silabi "chi" inaangukia katikati ya mapigo mawili, na inapendeza, kwa kuwa inaleta mkokoto kidogo. Mkazo wa mwisho wa mstari ndio usiosamehewa.

Ukishaupata mwendo, tafuta tyuni kwa kuzungumza. Sema mstari kama unavyomwambia mtu, mara kumi, ukigonga meza, na usikilize sauti yako inapopanda na kushuka. Kisha zidisha kidogo tu yale ambayo sauti tayari inafanya. Jihadhari na maswali: katika Kiswahili "umeshiba" ni swali au taarifa kutegemea sauti peke yake, na tyuni inayoteremka mwishoni italigeuza swali kuwa habari. Penye "wapi" na "lipi" neno lenyewe linauliza, kwa hiyo una uhuru zaidi, lakini "Au changu ndicho haba?" halina msaada wowote ila tyuni inayopanda kwenye "ha".

Tahadhari. Ukibadilisha neno baada ya tyuni kukamilika, pima upya, kwa sababu mkazo huhama neno linaporefuka: SHI-ba, shi-BI-sha, shi-bi-SHA-na.

Utajua umefaulu ukiimba mstari, kisha ukausema bila kuimba, na mtu aliye chumba cha pili akasikia sentensi ileile.

## Hatua ya 6: Kodi na mpangilio wa baa

Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ni rahisi, na herufi hizi ndizo majina yake. Ubeti: Am, F, C, G, kila moja baa mbili. Kipandisho: F baa mbili, G baa mbili. Kiitikio: Am, F, Dm, E, kila moja baa mbili.

Kodi ya E mwishoni mwa kiitikio ndiyo niliyoifikiria sana. Ina noti ya G kali (G#), ambayo inavutwa kwa nguvu kuelekea A, kwa hiyo sikio linangoja Am. Mstari ulio juu yake ni "Kosa niambie lipi?", swali lisilojibiwa, na gitaa nalo linabaki na swali. Ukiweka Am hapo, muziki utakuwa umejibu kwa niaba ya mume, naye hajajibu.

Mpangilio kamili ni huu:

Utangulizi baa 4; ubeti 8, kipandisho 4, kiitikio 8; ubeti wa pili 8, kipandisho 4, kiitikio 8; daraja (utaliona katika Hatua ya 7) 8; kiitikio mara mbili 16; mwisho 4.

Jumla ni baa 72, na kwa mapigo 72 kwa dakika wimbo unachukua dakika 4 kamili. Kiitikio cha kwanza kinaanza baada ya baa 16, yaani sekunde ya 53 na ushei. Usikicheleweshe zaidi ya hapo. Ukiona utangulizi wako una baa 8 kwa sababu mpiga gitaa ana vidole vitamu, mwombe vidole hivyo avihifadhi kwa ajili ya mwisho.

Kuhusu kimo cha sauti, imba kiitikio mara tatu mfululizo ukiwa umekaa. Ikiwa mara ya tatu shingo inakaza, shusha kodi zote pamoja. Huzuni hailetwi na kupiga kelele juu kabisa ya uwezo wako.

## Hatua ya 7: Daraja na mwisho

Daraja ni mahali pa kusema lile ambalo mwimbaji amekuwa akilikwepa. Hadi hapa mke wetu anauliza moyoni. Kwa nini haulizi kwa sauti? Daraja lina mistari miwili tu, kila mmoja ukipewa baa nne, ili ukimya ulio kati yake usikike:

*Ukisema, nende wapi?*
*Heri wali na upoe.*

Hapo tunamwelewa. Anaogopa jibu kuliko anavyoumizwa na kimya. Punguza vyombo vyote kwenye daraja, ubaki na gitaa peke yake kwenye F na E, baa mbili mbili.

Nilishawishika sana kumfanya mke aseme mwishoni, "Nami sasa nimeshiba". Ni mstari unaoshangiliwa, mizani yake ni 8, na kila niliyemwonyesha aliupenda. Niliukata. Mwanamke aliyekiri sasa hivi kwamba hana pa kwenda hawezi kupata ujasiri huo ndani ya baa 16 bila jambo lolote kutokea, na kumpa ushindi wa bure ni kumdhulumu. Badala yake, katika baa nne za mwisho, unarudi mstari wa tatu wa ubeti wa kwanza ukiwa umebadilishwa:

*Sahani moja yatosha.*

Je, ameamua kuondoka, au ameamua kukaa bila kungoja? Usimjibu msikilizaji. Malizia kwenye Am, acha nyuzi zife zenyewe.

## Hatua ya 8: Rekodi ya kwanza kwa simu

Rekodi hii si ya kuwapa watu, ni ya kukuonyesha makosa. Chagua chumba chenye godoro, nguo na mapazia, kwa kuwa vitambaa humeza mwangwi ambao kuta tupu huurudisha. Zima feni. Weka simu umbali wa shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige maiki moja kwa moja. Nyumba za bati za Ngamiani hazifai mvua inaponyesha, na ufukwe wa Raskazone, pamoja na uzuri wake wote, utakupa upepo mtupu, kwa hiyo usishawishike kwenda kurekodi huko.

Rekodi mara tatu bila kusimama, kisha lala. Sikiliza asubuhi ukiwa na daftari, na uweke alama kila mahali ulipovuta silabi isiyo na mkazo. Usisikilize usiku uleule, kwa sababu masikio yako bado yatakuwa yanasikia ulichokikusudia.

Kabla ya kumpa mtu yeyote wimbo, andika maneno yote safi, tarehe na jina lako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi wa kushika mkononi. Kama mwingine ndiye anayetengeneza biti, andikianeni mgawo kabla ya kuingia studio. Na kama huna wa kukupigia chombo, Bagamoyo kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ambako vijana wanasomea muziki.

## Hatua ya 9: Msikilizaji mmoja

Mwite sasa yule uliyemweka akiba. Mwimbie mara moja, ana kwa ana, bila kumweleza chochote. Kisha muulize: nani anasema, na anasema na nani? Ndani ya nyumba umeona nini? Yule mke alimuuliza mumewe?

Akikosa swali la kwanza, rudi Hatua ya 2. Akikosa la pili, rudi Hatua ya 1. Akisema kwamba mke alimuuliza mumewe, "siulizi" halikusikika, na kosa karibu daima liko kwenye mkazo: ulivuta "zi" badala ya "li".

Usimuulize kama wimbo ni mzuri. Atakwambia ni mzuri, kwa kuwa umekuja kwake na anakuheshimu.

Akiyajibu yote matatu, chukua karatasi ya baa 72 upeleke studio, na umwombe prodyuza jambo moja: asijaze chombo chochote kwenye lile pigo la kwanza lililo kimya, kabla ya "Wanijibu", kwa sababu hapo maji bado yanamiminika.